Usaili Sebuleni kwa Bibi

Kila mwaka, shule zikikaribia kufungwa kwa majira ya joto, simu ya nyumbani kwangu ilianza kulia baada ya alasiri. Mara nyingi aliyepiga alikuwa mama wa mtu, mara chache baba. Kwanza aliuliza hali ya mke wangu, kisha ya watoto, kisha ya jamaa waliobaki Unguja na Pemba. Mwisho, kwa sauti iliyoshuka kidogo, alisema, "Kaka, yule mtoto mwakani anataka kwenda chuo kikuu. Lakini usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Kulikuwa na nyumba mbili katika jengo moja la Kilburn, mtaa wetu wa London, moja juu ya nyingine, ambazo zote nilizisaidia mwaka mmoja na kila moja ikinificha kwa mwenzake. Mama wa juu na mama wa chini walikutana kwenye ngazi na mifuko yao ya sokoni, wakaulizana habari za watoto, na jibu la kila mmoja likawa lile lile: "Wapo, wanasoma soma tu." Kijicho ni kitu ambacho watu wetu hawakukiacha uwanja wa ndege.

Mimi si mwalimu, ingawa wengi waliniita hivyo. Niliondoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, nikiwa bado kijana mdogo, na masomo yangu ya darasani yalikatikia hapo. London nilifanya kazi ya ukarani wa stoo, na mengine yote niliyoyajua niliyapata maktaba, jioni na siku za mapumziko. Mwanangu wa kwanza alipofika umri wa kuomba chuo, niligundua kwamba sijui hata swali la kwanza la kumuuliza mkuu wa shule yake. Nikakaa maktaba nikasoma vitabu vya vyuo kimoja kimoja, pamoja na maelekezo ya namna ya kuomba, mpaka nikauelewa utaratibu mzima kama nilivyozielewa rafu za stoo yangu. Baada yake akaja mtoto wa dada, kisha wa jirani. Miaka ikapita hivyo.

Katika utaratibu wa huku, mtoto hapeleki alama peke yake. Anaandika pia ukurasa mmoja wa kujieleza: kwa nini anataka kusomea jambo fulani, na amefanya nini kuonyesha kwamba analitaka kweli. Ukurasa huo ndio uliowashinda watoto wetu. Shuleni waliambiwa wajinadi, na nyumbani tangu wanatambaa walikuwa wameambiwa wasijisifu.

Kwa hiyo nilijiwekea njia yangu ya kazi. Nilikwenda nyumbani kwa mtoto Jumamosi mchana, katika mwaka wake wa sita wa sekondari, wakati bado ana mwaka mzima mbele yake. Kalamu zilikaa mfukoni. Nilimwambia, "Nisimulie wiki yako, kuanzia Jumatatu. Usiniambie unapenda nini. Niambie mikono yako imefanya nini." Na mzazi mmoja lazima awepo, kwa sababu nilishaona kwamba shule inamjua mtoto mmoja na nyumba inamjua mwingine, na mara chache hao wawili hukutana.

Msichana ninayetaka kumweleza hapa aliishi na mama yake na bibi yake mzaa mama, ghorofa ya pili, karibu na stesheni ya Kilburn. Alizaliwa London. Kiswahili cha mazungumzo alikielewa, lakini akijibu kwa Kiingereza, kama wenzake. Alitaka kusomea tiba ya usemi, yaani kuwa yule mtaalamu anayewasaidia watu waliopoteza uwezo wa kusema. Kozi ile ilikuwa na nafasi chache, na vyuo vilitaka kuona kwamba mwombaji amewahi kukaa na wagonjwa wa aina hiyo. Mwalimu wake alimwambia waziwazi: bila hilo, alama nzuri hazitoshi.

Nilipoingia, bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka ya pamba magotini, mkono wa kulia umelala juu yake bila kazi. Nilikuwa nikimjua tangu zamani. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli, Unguja na baadaye London. Akisimamia sufuria la pilau ukumbini, sauti yake ilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata kiharusi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Akanitazama, midomo ikatafuta. "Ma... marahaba."

Mama wa msichana akaleta chai ya maziwa na vitumbua, tukakaa. Nikauliza wiki.

Jumatatu msichana alikwenda shule. Akarudi. Halafu?

"Halafu nafanya beseni na Bibi," alisema kwa Kiingereza, ila neno beseni alilisema kwa Kiswahili.

"Beseni gani?"

Akatazama chini. Nilimsubiri. Ndipo nilipoyapata, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miba. Hospitali iliwapa mtaalamu wa usemi, mama mmoja mpole, ambaye alikuja na kadi za picha: trekta, birika la kizungu, mbwa mwenye mkufu. Bibi aligeuza uso ukutani. Mtaalamu alipoondoka, msichana alikwenda jikoni, akajaza beseni vyombo vya bibi mwenyewe, akaliweka magotini mwake. Akakitia chombo kimoja katika mkono wa kushoto, ulio mzima, akangoja bibi akipapase mpaka jina lije. Kila siku, baada ya shule.

"Tatizo ni kwamba majina yenyewe nilikuwa siyajui," alisema. "Ilibidi nimuulize Mama."

Mama yake akacheka. "Ananiletea kawa, ananiuliza, hii ni kofia? Kitu anachofunikia chakula tangu mdogo!"

"Neno la kwanza kurudi lilikuwa nini?"

"Upawa," alisema msichana.

Kutoka dirishani, bibi akasema, "Upawa," kwa sauti ya mtu anayethibitisha hesabu.

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimewasikiliza watoto wengi, na wengi wao ilibidi tuchimbe tupate kitu kimoja cha kusimama juu yake. Huyu mtoto wa Kilburn alikuwa amejifunza lugha ya bibi yake ili aweze kumrudishia. Nikamwambia mama yake kwamba ukurasa wetu tumeshaupata.

Tabasamu likamtoka usoni. "Hapana, kaka. Hilo haliandikwi."

"Kwa nini, dada?"

"Kumuuguza bibi yako ni kazi ya kujitangazia? Ni wajibu wake. Ukishawatangazia watu upate cheo, umeshalipwa hapa hapa. Kwa Mungu unakwenda kuchukua nini?" Akainamisha kichwa kuelekea dirishani, akapunguza sauti. "Na huyu je? Mtu aliyekuwa akiamrisha ukumbi mzima, leo wasiomjua wakae wasome kwamba hawezi kuomba maji? Hapana. Mama yangu nimsitiri mie, nani mwengine?"

Msichana aliendelea kukoroga chai yake. Alikuwa ameshayasikia haya.

Hoja yangu ilihusu nafasi ya chuo. Yake ilihusu thawabu za mtoto na heshima ya mzazi, na nilikuwa ndani ya nyumba yake nikila vitumbua vyake. Nikasema, "Basi tutatafuta jingine."

Tulitafuta. Msichana alikuwa amesaidia wiki chache katika duka la nguo za mitumba la shirika la hisani. Akaandika juu ya duka. Aliandika vizuri, Kiingereza safi, jinsi alivyojifunza kuwasiliana na wateja wa kila aina. Mwalimu wake akaurudisha ukurasa na maneno machache pembeni: hakuna kosa, lakini simwoni mtu humu. Msichana alinionyesha bila kulalamika. Wiki za likizo zilikuwa zinakwisha, na akirudi tu darasani maombi yalipaswa kwenda.

Nikamwambia mama yake kwamba kwa kozi hii huenda akaitwa kwenye usaili, na usaili unafanyiwa mazoezi. Jumamosi ile nilikuja na tai na koti.

Mama akafungua mlango, akanitazama juu mpaka chini. "Ala! Tai leo, kaka? Unaoa?"

"Leo mimi profesa. Hunijui, sikujui, na chai usinipe."

"Chai nisikupe! Basi huyo profesa hana adabu."

Nilikaa mezani, nikamwita msichana aingie kutoka ukumbini kama anatoka nje. Akagonga mlango wa sebule, akaingia, akakaa mikono magotini. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, ameficha kicheko kwa mtandio. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa sauti. Nilimuuliza msichana kwa Kiingereza kwa nini anataka kusomea tiba ya usemi.

Akaanza na duka. Wateja wa kila aina. Umuhimu wa kusikiliza. Nikamuuliza kama amewahi kukaa na mtu aliyepoteza usemi. Akasita, akamtazama mama yake, akasema kwamba bado hajapata fursa hiyo, lakini ana hamu ya kuipata.

"Mwongo."

Tuligeuka wote. Bibi alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mkono wa kushoto umeshika mkono wa kiti.

"Mama!" alisema mama wa msichana.

"Mwongo huyo," alisema bibi. Lilikuwa neno safi, halikukwama popote. Kiingereza alikielewa zaidi kuliko tulivyodhani, au huenda alimwelewa mjukuu wake tu.

Msichana akaziba mdomo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Bibi, wewe! Mbele ya profesa!"

Bibi hakucheka. Alimnyooshea kidole cha mkono wa kushoto. "Sema. Upawa." Akavuta pumzi, akatafuta tena, na sote tukangoja, maana katika nyumba ile watu walishajifunza kungoja. "Sema... mimi."

Mama wa msichana akaingia jikoni. Tulisikia bomba limefunguliwa, likafungwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa yameoshwa. Mkononi alikuwa na upawa wenyewe, kifuu cheusi kwa uzee na mpini uliofungwa upya kwa kamba, akauweka juu ya meza mbele ya binti yake.

"Haya," alisema. "Mwenyewe ameshasema. Lakini nina sharti. Hata neno moja lisiende huko kabla yeye hajasomewa. Na akisema hapana, ni hapana."

Kwa sababu ya sharti hilo, tulifanya jambo ambalo sijalifanya na mtoto mwingine yeyote. Ukurasa ule wa chuo cha Kiingereza tuliuandika kwanza kwa Kiswahili. Msichana aliandika, akaniuliza maneno, akafuta, akaandika tena. Kiswahili chake cha maandishi kilikuwa cha mtoto mdogo, na kwa kazi hii kilifaa, kwa kuwa hakikuwa na maneno ya kujifichia. Kisha alipiga magoti kando ya kiti cha bibi na kumsomea sentensi moja moja. Bibi alikuwa na maneno mawili ya kazi: "Acha," maana yake ibaki, na "Futa."

Kadi ya trekta: acha. Beseni: acha. Msichana hakuyajua majina ya vyombo na akamuuliza mama yake: acha, na bibi akamtupia binti yake jicho, kama kumuuliza alimlea vipi mtoto asiyejua kawa. Kulikuwa na habari ya siku ambayo msichana alikuwa na haraka, akalisema jina la mwiko kabla bibi hajalifikia mwenyewe, na bibi akamrushia mwiko huo. Msichana aliisoma kwa woga.

"Acha," alisema bibi, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Kisha ikaja siku ya wageni. Mashoga zake wa zamani, waliopika naye shughuli miaka mingi, walikuja kumwona. Alitaka kuwaambia jambo, halikutoka, nao wakajifanya hawakuona. Walipoondoka alilia. Msichana aliandika kwamba ndiyo siku aliyojua anataka kazi hii. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote katika ukurasa ule. Mtu yeyote anayesoma maombi angesimama hapo.

"Futa."

"Lakini Bibi, hiyo ndiyo yenyewe. Ndiyo sababu."

"Futa."

Msichana akanigeukia. Nilifungua mdomo. Nadhani nilitaka kusema kwamba labda tungeipunguza, tungeondoa machozi, tungebakiza wageni. Bibi alinitazama kabla sijaanza.

"Na wewe," alisema.

Nikafunga mdomo. Msichana alipiga mstari juu ya sentensi, mara moja, kisha mara ya pili, mpaka isisomeke. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, hakuinua uso, lakini mikono yake ilisimama kidogo kisha ikaendelea. Tukaufasiri ukurasa uliobaki kwa Kiingereza, tukaupeleka.

Alipoitwa kwenye usaili, ilikuwa baridi na giza liliingia mapema. Mama yake aliniomba niwasindikize. Tulichukua treni, kisha basi kusini ya mto unaoigawa London, tukipita maduka ya Peckham yenye ndizi mbichi na mihogo mlangoni. Mama akayatazama kupitia kioo chenye ukungu akasema tukirudi tushuke hapa, bibi anunuliwe muhogo. Njia iliyobaki alivuta uradi. Tasbihi ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, niliisikia.

Msichana alipoingia, tulikaa kwenye viti vya ukumbini pamoja na wazazi wengine. Baba mmoja alieleza kwa sauti tuzo za mwanawe, za muziki na za hesabu. Kisha kwa ukarimu akamgeukia mama. Na binti yenu?

"Anajaribu jaribu tu," alisema mama kwa Kiingereza chake, akatabasamu, na ndani ya mfuko tasbihi ikaendelea.

Msichana alitoka uso umetulia, ungeweza kusoma humo chochote ulichotaka. Hatukumuuliza palepale. Ndani ya basi, akiwa amekaa kati yetu, alituambia. Walikuwa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Walimuuliza juu ya beseni, wakataka kujua kwa nini vyombo na si picha, na alieleza kwamba mkono wa bibi ulikuwa unakumbuka kabla ya mdomo. Walimuuliza upawa ni nini. Mwiko ule uliorushwa uliwachekesha, wakamuuliza alijifunza nini hapo, akasema alijifunza kunyamaza.

"Halafu yule mwanamke akaniuliza, bibi yako alijisikiaje siku ambazo maneno hayakuja? Kama kuna siku moja ninayoikumbuka."

Mama alishika mkono wa binti yake. "Ukasemaje?"

"Nikasema ipo. Nikasema aliniomba nisiisimulie."

"Na yeye?"

"Aliinamia karatasi zake. Kisha akaandika kitu."

"Aliandika nini?" niliuliza mimi, kwa sababu ndiyo tabia yangu.

"Sijui, Mjomba. Sikuona." Akatazama nje. "Nimeharibu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nilikuwa nimesoma kila kitabu cha maelekezo kilichokuwemo maktaba na hakuna hata kimoja kilichozungumzia jambo hilo. Mama yake hakuuachia mkono wake. Tulishuka Peckham tukanunua muhogo.

Majira ya machipuko barua ilikuja kwamba amepewa nafasi, akipata alama zilizotakiwa, na majira ya joto alizipata. Leo anafanya kazi hiyo. Lakini siku ile ya usaili hatukuwa na habari ya barua yoyote. Tulikuwa watu watatu waliochoka tukipanda ngazi na muhogo ndani ya mfuko wa plastiki, na bibi alikuwa kwenye kiti chake, macho yameelekea mlangoni. Jirani aliyeachiwa akae naye alituambia amekataa kula tangu mchana.

Msichana alikwenda akapiga magoti kando ya kiti, koti bado mwilini, akambusu mkono. Akamsimulia yote, polepole, kwa Kiswahili, akipata maneno na kuyapoteza. Bibi alisikiliza. Msichana alipofika kwenye swali la yule mwanamke, mkono wa kushoto wa bibi ulitua juu ya kichwa chake na kubaki hapo.

"Ukasema?"

"Sikusema, Bibi."

Bibi akainua macho kwa binti yake, aliyekuwa amesimama na mfuko wa muhogo.

"Mpe..." Akatafuta. Tukangoja. "Mpe chakula."

"Mama, hata koti hajavua."

"Mpe," alisema bibi. "Na mimi."

Mama akaingia jikoni. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa, kisha kifuu cha upawa kikigusa ukingo. Aliporudi na sahani, ya kwanza kuwekwa mezani haikuwa ya mgeni.

"Leo wewe si profesa," aliniambia. "Subiri zamu yako."